Pori ya miombo juu ya tablo: namna wachoraji wa Lubumbashi wanapanga rangi, tabaka juu ya tabaka

Zamani, ukitembelea familia ya mfanyakazi hapa Lubumbashi, kwenye ukuta wa salo ulikuta tablo. Nyumba moja ilikuwa na mamba muntu, ingine ilikuwa na Lumumba, ingine tena ilikuwa na pori tu: miti, njia ya vumbi jekundu, mto, na nyumba mbili tatu za nyasi kule nyuma. Tablo ya pori haikuwa na hadisi kubwa. Ilikuwa inakumbusha mzee wa nyumba kule alitoka mbele ya kuja kutafuta kazi mjini.

Leo ku komini Kenya (hii Kenya si ile inchi ya Nairobi, ni moja kati ya komini 7 za mji wa Lubumbashi) bado kuko watu wanachoraka pori. Lakini kuna shida moja ambayo wakaaji wengi hawaitambui. Kijana aliyezaliwa kati ya soko na barabara ya lami anaweza kufika miaka 20 bila kulala hata usiku moja ndani ya miombo. Akichora pori, anachukua ile ya kalandari ao ya telefone: majani ya kibichi kabisa, mlima wenye teluji, miti ya Ulaya. Na wakati huo, miti ya hapa kwetu inaingia mjini kila asubuhi juu ya baisikeli, ndani ya mifuko ya makala.

Makala haya yanaeleza mambo tatu: pori ya Katanga iko na rangi gani, wachoraji wakubwa wa mji huu waliichora namna gani, na mtu anayeanza anaweza kufuata hatua gani ili tablo yake isiwe ukuta wa rangi moja tu.

Pori ya hapa ni pori gani?

Haut-Katanga si Ituri wala Equateur. Pori kubwa ya hapa inaitwa miombo. Ni pori yenye mwangaza: matawi ya miti hayafungani kabisa kule juu, jua linashuka mpaka chini, na nyasi inaota kati ya miti. Miti mikubwa yake ni ya jamaa la Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia. Vichwa vya miti hiyo ni vipana, vimelala kama mwavuli uliofunguliwa nusu. Mchoraji anayechora miti ya hapa kama mabuyu ya duara ao kama mishumaa mirefu amekwisha kukosa mbele ya kuweka rangi.

Kuko pia muhulu, maana yake pori nzito yenye giza, lakini hiyo inabaki vipande vipande tu. Kuko vichuguu vikubwa vya mchwa, ambavyo vinaweza kupanda mita 5 na hata zaidi, vikiwa na miti yao wenyewe juu ya kichwa. Yeyote amepita barabara ya Likasi ao ya Kasenga anavijua. Kuko tena vilima ambako udongo umejaa shaba sana, na miti inakataa kuota. Kule kunabaki nyasi na maua madogo tu, kama lile la rangi ya zambarau ambalo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Watafuta madini wa zamani walikuwa wanafuata majani ya namna hiyo ili wajue shaba iko wapi.

Jambo kubwa kwa mchoraji ni majira. Mvua inaanza karibu mwezi wa 11 na inakwisha karibu mwezi wa 4. Kiisha inakuja kiangazi: nyasi inakuwa ya manjano, halafu ya kijivu, halafu moto unapita na chini kunabaki kweusi. Hapo njo miombo inafanya kitu ambacho mgeni hawezi kuamini. Kati ya mwezi wa 8 na wa 10, mbele mvua haijanyesha hata tone, miti inatoa majani mapya, na majani hayo si ya kibichi. Ni mekundu, ya rangi ya shaba, ya kahawia, ya waridi. Yanakaa hivyo kwa muda mfupi, kiisha yanageuka kibichi. Chini ni majivu meusi, juu ni shaba inayong'aa. Kalandari ya Ulaya haitamwonyesha kijana rangi hiyo.

Hangar: ateliye iliyozaliwa 1946

Mji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville. Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani ofisa wa jeshi la majini, alifika hapa katikati ya miaka ya 1940. Mwaka wa 1946 alifungua ateliye ya uchoraji kwa ajili ya vijana Waafrika. Watu waliiita Hangar, na jina hilo likabaki.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa tofauti. Hakuwapa wanafunzi tablo za Ulaya wazinakili. Aliwaambia watazame vitu vya hapa, yaani wanyama, samaki, majani na kazi za watu, kiisha kila mmoja atafute mkono wake. Mtu anaweza kusema mengi juu ya mzungu wa wakati wa ukoloni anayeamua nini ni sanaa ya kweli ya Mwafrika, na watu wamekwisha kuyasema. Lakini matokeo yanaonekana: wachoraji watatu waliotoka ndani ya chumba kimoja, na hakuna anayeweza kuchanganya tablo ya mmoja na ya mwingine.

Wa kwanza ni Bela Sara. Alitoka upande wa Chad, na alikuwa mtumishi wa Romain-Desfossés. Bela aliacha pinso na kuchora kwa vidole. Kila alama ni ncha ya kidole iliyochovywa ndani ya rangi. Majani yake, nyasi zake, wawindaji na wanyama wake, vyote vinatoka kwa mguso mmoja kando ya mwingine. Ukisogea karibu unaona vidoa tu. Ukirudi nyuma, pori inatikisika kama vile upepo umepita.

Wa pili ni Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa 1914 na kufariki 2007. Huyu alipenda samaki, ndege, nyoka, swala na mamba, na alikuwa anawaweka kati ya majani. Kwake hakuna mahali patupu. Alikuwa anaanza na rangi moja ya nyuma, kiisha anajaza mistari myembamba, majani moja moja na vidoa vidogo vidogo, mpaka ndege na mti vinakuwa kitambaa kimoja. Anayetaka kujua namna gani pori inaweza kuwa nzito bila kuwa nyeusi, atazame Pilipili.

Wa tatu ni Mwenze Kibwanga, aliyezaliwa 1925 na kufariki 1999. Mkono wake ni wa mistari mifupi iliyolala pamoja, kama nyuzi za mkeka. Rangi zake mingi ni za udongo: kahawia, njano ya vumbi, nyekundu ya tofali, nyeupe ya maziwa. Mwelekeo wa mistari njo unaonyesha umbo. Kwenye mgongo wa mnyama mistari inapinda, kwenye shina la mti inapanda, na kwenye ardhi inalala.

Hawakuwa peke yao. Pale Hangar walipita wengine pia, kama Sylvestre Kaballa na Norbert Ilunga. Romain-Desfossés alipokufa mwaka wa 1954, ateliye iliingizwa ndani ya Académie des Beaux-Arts, shule ambayo mchoraji Mbelgiji Laurent Moonens alikuwa ameianzisha hapa mjini mwaka wa 1951. Pilipili na Mwenze walifundisha kule, na kwa njia hiyo mkono wao ulipita kwa vijana wengine.

Mbele ya Hangar kulikuwa pia Albert Lubaki. Katika mwaka wa 1926, kule Bukama, Mbelgiji Georges Thiry aliona michoro juu ya kuta za nyumba, akampa Lubaki karatasi na rangi za maji. Kwa hiyo, mtu anayesema uchoraji ulifika Katanga pamoja na shule za wazungu anasahau kuta za nyumba za udongo.

Magunia ya unga na ukumbusho

Kisha uhuru, kizazi kingine kilitokea, na hicho hakikupita shule kubwa. Walikuwa wachoraji wa mitaa. Walinyoosha magunia ya unga ya pamba juu ya kadre, wakayapaka nyeupe, wakachora kwa rangi za dukani, wakazunguka kuuza nyumba kwa nyumba. Anayejulikana zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka wa 1947. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mtaalamu Johannes Fabian, aliyekuwa anafundisha kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi, tablo zaidi ya 100 juu ya historia ya inchi. Karibu na mwaka wa 1981 alipotea, na hakuonekana tena.

Fabian na Ilona Szombati waliandika mwaka wa 1976 kwamba wanunuzi wa tablo hizo walikuwa wakaaji wenyewe: watu wa migodi, wa reli, wa ofisi ndogo. Tablo ilikuwa na kazi moja ambayo watu waliiita ukumbusho. Na kati ya zile zilizouzwa kulikuwa tablo za pori na za kijiji. Hazikuwa kwa ajili ya mtalii.

Kiisha mambo yalivunjika. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka wa 1990, Gécamines ikaanguka, mishahara ikakatika. Mtu ambaye hajalipwa miezi mingi hanunui tablo. Mchoraji alibaki na mgeni tu kama mteja, na mgeni hakuhitaji ukumbusho wa kijiji cha mtu mwingine. Mwaka wa 2015, Fondation Cartier kule Paris ilifanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, kuanzia 1926 mpaka 2015, na Lubaki, Bela, Pilipili na Mwenze walikuwa ndani. Wafaransa walipanga mstari kuwatazama. Hapa kwetu, wanafunzi wangapi wa komini Kenya, Katuba ao Ruashi wamekwisha kusimama mbele ya tablo moja ya Pilipili?

Namna ya kujenga tablo ya pori

Hatua hizi hazihitaji vyombo vya bei kali. Rangi ya kinkayeri inatosha kwa kuanza.

1. Kitambaa. Magunia ya leo mengi ni ya plastiki, hayafai. Tafuta kitambaa cha pamba, kama amerikani. Kinyooshe juu ya kadre ya mbao mpaka kilie kama ngoma ukikigonga. Paka kwanza kole ya mbao iliyochanganywa na maji, acha ikauke. Kiisha paka rangi nyeupe ya maji mara mbili. Bila kole, kitambaa kinakunywa rangi yote, na kisha miaka kidogo mafuta ya rangi yanakioza.

2. Rangi ya chini. Usianze juu ya nyeupe. Funika kitambaa chote na rangi nyekundu ya udongo iliyo nyepesi sana, karibu kama chai. Sababu ni mbili. Kwanza, ardhi ya Katanga ni nyekundu, na itaonekana kati ya majani hata pale hukufikiri. Pili, kibichi na nyekundu ni rangi zinazopingana: kibichi kikiwa juu ya nyekundu, na nyekundu ikibaki inachungulia kidogo, jicho linaona kibichi chenye uhai. Kibichi juu ya nyeupe kinalala kama rangi ya mlango.

3. Mbali mbele ya karibu. Anza na mbingu, kiisha na miti ya mwisho kabisa. Vitu vya mbali vinafifia, juu kati ya jicho na mti kuko hewa, vumbi na moshi. Kwenye vitabu vya Ulaya wanasema mbali ni bluu. Katika mwezi wa 9 hapa, mbali si bluu, ni kijivu chenye zambarau kidogo, juu ya moshi wa mioto ya pori. Toka nje, simama pale mji unaishia, utazame. Kiisha njo uchanganye.

4. Kivuli mbele ya mwangaza. Weka kwanza sehemu kubwa za giza: chini ya miti, upande wa kichuguu usio na jua. Usichukue nyeusi ya kopo. Nyeusi ya kopo inatoboa tablo kama shimo. Changanya bluu nzito na kahawia, ao kibichi nzito na nyekundu. Utapata giza ambayo bado ni rangi. Nyeusi yenyewe, ibakishe kwa ardhi iliyoungua.

5. Mashina. Shina la miombo si nguzo ya stima. Linagawanyika chini, linapinda, linatafuta mwangaza. Chora kwa pinso bapa, mvuto mmoja kutoka chini kwenda juu, bila kurudi nyuma. Rangi ikiwa bado mbichi, geuza pinso na ukwaruze kwa mti wake: ile nyekundu ya chini itatokea na utapata maganda. Kiisha weka mwangaza upande mmoja tu, ule wa jua.

6. Majani. Hapa njo wengi wanaharibu. Hawafiki kuchora majani, wanachora pilau ya kibichi. Fanya mara tatu. Tabaka ya kwanza ni ya giza, kubwa kubwa. Acha ikauke. Tabaka ya pili ni ya rangi ya kati, na usifunike yote ya kwanza. Acha ikauke tena. Tabaka ya tatu ni ya mwangaza, kidogo tu, juu ya vichwa vya matawi. Bakisha matundu ambamo mbingu inapita, juu miombo ni pori ya mwangaza. Pinso iliyochakaa, ile nywele zake zimetawanyika, usiitupe: ni nzuri kwa majani kupita pinso mpya.

7. Mbele kabisa. Nyasi, njia, jiwe, kichuguu. Hapa rangi iwe nzito, ionekane imesimama juu ya kitambaa. Kule mbali ilikuwa nyepesi, hapa ni nene: macho yenyewe yataelewa kile kiko karibu. Mvuto wa pinso ufuate kitu: nyasi inapanda, njia inalala, kichuguu kinazunguka. Hilo ni somo la Mwenze.

8. Kuacha. Tablo nyingi zinakufa katika saa ya mwisho, wakati mchoraji anaongeza tu. Igeuze itazame ukuta kwa siku mbili. Ukiirudilia, kosa litakuwa la kwanza kuonekana.

Sheria tatu zisizovunjwa

Sheria ya kwanza: rangi ya maji inaweza kukaa chini ya rangi ya mafuta, lakini rangi ya maji haikai juu ya rangi ya mafuta. Mafuta yanaikataa, na kisha muda itabanduka kama ngozi ya nyoka. Ukitaka kwenda haraka, jenga tabaka za chini na rangi ya maji, na umalize na ya mafuta.

Sheria ya pili: nyepesi chini, nene juu. Tabaka ya chini iwe na dawa ya kupunguza mingi na mafuta kidogo. Ya juu iwe na mafuta zaidi. Rangi yenye mafuta mengi inakauka polepole. Ukiweka ile inayokauka haraka juu ya ile ambayo bado inatembea, ya juu inapasuka. Ile mistari kama udongo wa ziwa lililokauka, inayoonekana kwenye tablo za zamani, mara mingi inatoka kwa kosa hilo.

Sheria ya tatu inahusu mwili. Watu wamesikia Bela alichora kwa vidole, na wanataka kufanya vile vile. Na rangi ya maji ya wanafunzi hakuna shida. Lakini rangi zingine za mafuta za viwanda ziko na madini ya risasi, ambayo inaingia mwilini na inaharibu ubongo wa watoto zaidi. Kwa hizo, vaa glove, na usile wala kuvuta sigara ukiwa na rangi mikononi. Petroli na dawa ya kupunguza rangi zitumike mahali penye hewa, mbali na mbabula. Na malakiti, lile jiwe la kibichi ambalo watu wa Misri ya zamani walilisaga kuwa rangi, tunalo kwa wingi hapa, lakini vumbi lake ni vumbi la shaba. Usilisage nyumbani.

Na wale wa Kivu na Ituri?

Msomaji wa Bukavu ao wa Mambasa atasema: kwetu hakuna miombo. Ni kweli, na kwa sababu hiyo asinakili ya Katanga. Kule Kahuzi-Biega, kwenye milima, kuko mianzi na ukungu. Kule mbali inapotea ndani ya nyeupe, si ndani ya moshi wa kahawia, na kibichi cha mianzi ni chepesi, kina njano. Mistari inapanda wima, karibu hakuna inayolala. Rangi ya chini inaweza kuwa ya kijivu baridi, si nyekundu.

Kule Ituri, chini ya miti mirefu, jua linashuka vidoa vidoa. Huko Wambuti wako na njia yao wenyewe, ya zamani kupita shule zote. Wanaume wanaponda ganda la mti mpaka linakuwa kitambaa, na wanawake wanachora juu yake kwa utomvu mweusi wa tunda la gardenia na vitu vingine vya pori. Hawachori mti na jani kama picha. Wanachora mistari inayokatana, inayovunjika na kuanza tena, vidoa na mapengo. Mwenye kuishi ndani ya pori ile anaitambua. Ni mfano kwamba pori inaweza kuchorwa bila kuonyesha mti hata moja.

Kile kinachokatwa

Kuzunguka Lubumbashi, miombo imerudi nyuma sana. Sababu zinajulikana: mashamba, nyumba mpya, migodi, na makala. Stima inakatika, na hata ikiwepo si nyumba zote zinayo, kwa hiyo mama wa nyumba anapika kwa mbabula. Hakuna mtu wa kumlaumu pale. Wachomaji wa makala nao wanalisha watoto. Lakini kila mwaka wanaenda mbali zaidi kutafuta mti, na baisikeli inafanya kilometa mingi zaidi kurudi.

Mukula nao ulikatwa. Ni ule mti wenye mbao nyekundu ambao magari yaliubeba kwenda Zambia na mbele zaidi. Jina lake la kitaalamu ni Pterocarpus tinctorius, na neno hilo la mwisho ni la Kilatini, maana yake ni wa kutia rangi. Unga wake mwekundu bankambo walijipaka siku za sherehe. Maana yake, nyekundu ya kwanza ya Katanga ilitoka ndani ya mti, mbele rangi ya kopo haijafika.

Mchoraji hawezi kusimamisha shoka. Kile anaweza kufanya ni kazi ileile ambayo salo za zamani zilimwomba: ukumbusho. Na ukumbusho unataka usahihi. Tablo ya miti ya Ulaya iliyochorwa ku Kenya haitamsaidia mtoto yeyote kujua nini kilikuwa pale ambapo leo kuko makarie na mabati.

Kwa kuanza, hakuna haja ya safari kubwa. Musée ya Lubumbashi iko wazi kwa wakaaji, na shule zinaweza kuomba kuleta wanafunzi. Anayeweza kufika Kundelungu ataona maporomoko ya Lofoi, yanayoanguka zaidi ya mita 300, na miombo ambayo bado imesimama. Asiyeweza, apande hata baisikeli ya jirani, atoke asubuhi kwenye barabara ya Kasenga pamoja na daftari na rangi tatu: nyekundu, njano, bluu. Achore kichuguu kimoja na mti mmoja. Aandike tarehe na jina la mahali nyuma ya karatasi.

Wakati mzuri ni kuanzia mwisho wa mwezi wa 8. Majani mekundu hayakai siku mingi, na jua likipanda saa nne rangi yao imekwisha kubadilika. Wachomaji wa makala wanatoka mjini saa kumi na moja asubuhi. Mchoraji naye atoke saa ileile.